Usitafute faili, tafuta kifurushi chake: MSVCP140D.dll, 0xc000007b na programu ya mizani

Swali:

"Shikamoo mtaalamu. Nimeachiwa programu ya mizani ya chama chetu cha ushirika cha kahawa. Aliyeiandika kwa C++ mwaka 2016 amehama, nami nimebaki na folda ya msimbo tu. Nilipakua Visual Studio 2022 kwa bando la simu. Mara ya kwanza ilikwama na kosa 0x80070643, nikarudia, ikakubali. Nilipofungua mradi ikasema zana za v140 hazipo, kosa MSB8020. Nikabadilisha kuwa v143, ikasema Windows SDK 8.1 haipo, kosa MSB8036. Nikaongeza vitu kwenye kisakinishi mpaka ikajengeka. Kwenye laptop yangu inafanya kazi vizuri kabisa. Nimeipeleka kwenye kompyuta ya ofisi, Windows 10 ya biti 64, inasema MSVCP140D.dll haipo. Nikaitafuta mtandaoni, nikaiweka System32. Ikataka VCRUNTIME140D.dll, nikaiweka. Ikataka ucrtbased.dll, nikaiweka. Sasa inatoa 0xc000007b na kujifunga. Msimu wa kununua kahawa unaanza baada ya wiki tatu. Je, nifomati kompyuta ya ofisi? Au Visual Studio yangu imeharibika?"

Jibu:

Marahaba. Usifomati kompyuta ya ofisi, na Visual Studio yako, yaani zana ya kujengea programu, ni nzima. Nalisema hili kabla ya lolote kwa sababu mtu aliyebanwa na msimu hukimbilia kufuta kila kitu aanze upya, na kompyuta ya chama cha ushirika ina hesabu za wakulima ndani yake. Ulichofanya ni kupeleka ofisini toleo la majaribio la programu yako, kisha ukaliongezea faili ambazo hazikupaswa kuwapo pale. Mambo yote mawili yanarekebishika kwa mchana mmoja.

Kwanza tuyatenganishe makosa uliyoyataja, maana katika swali lako yamekaa kama ugonjwa mmoja unaozidi kukua. Kosa la 0x80070643 lilihusu usakinishaji wa Visual Studio yenyewe, na limekwisha. MSB8020 na MSB8036 yalihusu ujenzi: laptop yako ilikosa vifaa vya kuitengenezea programu. MSVCP140D.dll linahusu uendeshaji: programu imekwisha kujengwa, lakini kompyuta inayoiendesha haina maktaba inazozitegemea. Kosa la 0xc000007b halikuwapo mwanzoni. Limeletwa na dawa uliyoitumia kutibu lile la tatu. Mtu akiyachanganya haya ataongeza zana kwenye laptop ili kutibu kompyuta ya ofisi, au atasakinisha kitu ofisini ili mradi ujengeke kwenye laptop, na atashangaa kwa nini hakuna kinachobadilika.

Sasa itazame herufi ya mwisho ya jina ulilopewa: MSVCP140D. Hiyo D ndiyo iliyobeba jibu lako.

Programu ya C++ haibebi kila kitu tumboni mwake. Kazi za kawaida, kama kuandika maandishi kwenye skrini, kuomba nafasi ya kumbukumbu, kupanga orodha au kushika makosa yanayotokea katikati ya kazi, huziazima kutoka kwenye maktaba za Microsoft zilizo katika faili za pembeni ziitwazo DLL. MSVCP140.dll ina maktaba ya kawaida ya C++. VCRUNTIME140.dll hushughulikia kuanza kwa programu na kushika makosa. ucrtbase.dll ina kazi za C kama printf na malloc, na katika Windows 10 huja na Windows yenyewe. Kila moja ya hizi ina pacha wake mwenye D mwishoni. Pacha huyo ana ukaguzi mwingi wa ziada: ukisoma nje ya mipaka ya orodha, ukiachilia kumbukumbu mara mbili, anakusimamisha papo hapo na kukuonyesha mstari. Ni msaidizi wa fundi aliye kazini, na kwa sababu hiyo huja na Visual Studio peke yake. Leseni ya Microsoft hairuhusu kumsambaza, wala hakuna kifurushi rasmi cha kumweka kwenye kompyuta ya mteja.

Visual Studio ikifungua mradi, kwa kawaida kisanduku kilicho juu ya dirisha huwa kimesimama kwenye Debug, yaani toleo la majaribio. Ukibonyeza kujenga bila kukigusa, unapata programu inayowategemea mapacha wenye D. Kwenye laptop yako wapo, kwa hiyo ikafanya kazi. Ofisini hawapo na hawatakiwi kuwapo. Ujumbe ulisema kweli tupu, ila wewe uliusoma kama agizo la kwenda kutafuta faili, wakati ulikuwa unakuambia umejenga toleo gani.

Na hata ungefanikiwa kuzipata zote tatu zikiwa sahihi, safari isingeishia hapo. Tangu Visual Studio 2019, programu za biti 64 hutumia pia VCRUNTIME140_1.dll kwa njia mpya ya kushika makosa, na pacha wake VCRUNTIME140_1D.dll naye angekudai zamu yake.

Tuje kwenye 0xc000007b. Namba hii maana yake Windows imelikuta faili lakini umbo lake halifai, na mara nyingi sana sababu ni kuchanganya biti 32 na biti 64 ndani ya programu moja. Programu ya biti 64 haiwezi kuingiza maktaba ya biti 32 kwenye kumbukumbu yake, wala kinyume chake. Majina ya folda ndiyo yanayowapoteza watu wengi: katika Windows ya biti 64, folda ya System32 huhifadhi faili za biti 64, na SysWOW64 huhifadhi za biti 32. Ni urithi wa zamani, Microsoft waliacha jina lilivyo ili programu nyingi zilizokwisha kuandikwa zisivunjike. Programu ya biti 32 ikiomba kitu System32, Windows huipeleka SysWOW64 kimyakimya bila kuiambia.

Kutokana na maelezo yako naweza kuhisi kilichotokea. Programu yako lazima ni ya biti 64. Ingekuwa ya biti 32 isingeziona kabisa faili ulizoziweka System32, na ujumbe ungebaki palepale kwenye MSVCP140D. Kwa kuwa kila ulipoweka faili ujumbe ulisogea kwenye jina linalofuata, mbili za kwanza yaelekea zilikuwa za biti 64 na zikapokelewa, na hii ya tatu ndiyo ya biti 32. Tovuti zinazogawa DLL mojamoja hazina uangalifu wa jambo hilo. Unaona jina, unabonyeza, unapewa chochote chenye jina hilo.

Hapo ndipo penye uchungu wangu, na naomba unisikilize vizuri. Mwaka mmoja niliitwa kwenye ofisi ambayo kijana wao alikuwa amefanya kama wewe, ila yeye aliibadilisha VCRUNTIME140.dll iliyokuwapo System32 kwa ile aliyoipakua. Programu aliyokuwa anaihangaikia haikupona, na asubuhi yake programu ya hesabu, ambayo haikuwa na tatizo lolote, ikakataa kufunguka, kwa sababu nayo iliitegemea faili hiyohiyo. Tulipoteza siku mbili kutafuta ugonjwa kwenye programu ya hesabu. Faili iliyo System32 ni mali ya kila programu iliyomo kwenye mashine, kwa hiyo mkono wako ukiingia pale umeingia kwenye kazi za watu wote wanaoitumia. Tena hujui faili uliyoipakua imebeba nini. Faili ya DLL ni msimbo unaoendeshwa kama wa programu yoyote. Ikiingia kwenye mashine inayoshika malipo ya wakulima, inaendeshwa kwa ruhusa zilezile alizonazo anayelipa.

Kwa hiyo anza na usafi. Kwanza kabisa nakili data ya chama kwenye diski ya nje, hata kama unaona haihusiani. Kisha ingia System32, uzipange faili kwa tarehe, uzitafute zile tatu. Kabla ya kufuta kila moja, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, uangalie kama ina saini ya kidijitali ya Microsoft na tarehe inayolingana na siku uliyoiweka. Futa hizo tatu peke yake, zile zenye D. Usiguse ucrtbase.dll isiyo na D, hiyo ni ya Windows. Ukimaliza, washa ukaguzi kamili wa antivirusi, na ikiwezekana ule wa Microsoft Defender unaofanyika kabla Windows haijawaka.

Rudi kwenye laptop. Badilisha kisanduku cha juu kutoka Debug kwenda Release, yaani toleo la kukabidhi, kile cha pembeni yake kikae x64, yaani biti 64, kisha ujenge mradi wote upya. Programu mpya itakuwa kwenye folda iliyoandikwa Release, na hiyo ndiyo utakayoipeleka. Ofisini itahitaji maktaba zisizo na D, ambazo huja kwa kifurushi rasmi kimoja kinachoitwa vc_redist.x64.exe. Si lazima uchome bando kukitafuta: nakala yake kwa kawaida iko kwenye laptop yako tayari, ndani ya folda ya Visual Studio, chini ya VC, kisha Redist, kisha MSVC. Iweke kwenye flashi, iendeshe ofisini kama msimamizi, uwashe upya kompyuta ikikuomba.

Kifurushi hicho kimoja kinahudumia programu zote za biti 64 zilizojengwa kwa Visual Studio 2015, 2017, 2019 na 2022, kwa sharti moja: kiwe na umri uleule wa zana ulizojengea au kipya zaidi. Ukitumia nakala iliyotoka kwenye laptop yako mwenyewe, sharti limetimia. Kikikataa kwa namba 0x80070666, usihofu, kinasema ofisini tayari kuna toleo jipya kuliko hilo, nalo linatosha. Ukiona kwenye orodha ya programu za ofisi vifurushi vingine vya Visual C++ vya 2008, 2010, 2012 au 2013, viache. Watu huviona vingi wakadhani ni takataka zinazojirudia, lakini kila kimoja kina programu zake zinazokitegemea, na hakuna kinachochukua nafasi ya mwenzake.

Utasikia ushauri wa njia nyingine mbili, na zote ni halali. Ya kwanza ni kuziweka DLL zisizo na D kwenye folda moja na programu yako, ukizitoa kwenye folda hiyohiyo ya Redist. Windows huanza kutafuta kwenye folda ya programu, kwa hiyo inafanya kazi bila kuhitaji ruhusa ya msimamizi. Gharama yake ni kwamba masasisho ya usalama ya Microsoft hayatazifikia, na ni wewe utakayezibadilisha. Ya pili ni kuziunganisha maktaba ndani ya programu yenyewe, kwa kubadilisha mpangilio wa /MD kuwa /MT. Faili linakua kidogo, lakini halidai kitu pembeni. Kwa programu ndogo ya mizani inayokaa kwenye mashine moja au mbili kijijini, mimi mwenyewe ningeifikiria sana /MT. Ila ikiwa mradi unatumia maktaba za watu wengine, mfano ya kuchapisha risiti au ya kuunganisha na hifadhidata, nazo lazima ziwe zimejengwa kwa mpangilio huohuo, la sivyo kiunganishi, chombo kinachounganisha vipande vya programu wakati wa kujenga, kitakulilia makosa mengi ya majina yanayojirudia. Kwa wiki tatu ulizonazo, chukua vc_redist. Ni njia isiyohitaji kugusa mradi.

Lipo jambo moja katika kuhama kutoka Debug kwenda Release ambalo kwa programu ya mizani siwezi kulipita haraka. Katika Debug, kompaila, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, hujaza vigeu vya ndani (majina yanayoshika thamani) ambavyo hukuvipa thamani kwa alama maalumu, ili kosa lionekane. Katika Release havijazwi. Vinabaki na chochote kilichokuwapo kwenye kumbukumbu, pengine sifuri, pengine uzito wa gunia lililotangulia. Msimbo wenye kigeu cha namna hiyo unaweza kutoa jibu moja ukiwa Debug na jingine ukiwa Release. Mtu akikutana na hilo husema Release ni mbovu, akarudi Debug. Sivyo, kosa lilikuwamo kwenye msimbo tangu 2016 na sasa limeonekana. Soma maonyo ya kompaila, hasa C4700, linalotaja kigeu kilichotumika kabla ya kupewa thamani. Kisha pima: chukua vitu ishirini vya uzito tofauti, andika kwa mkono namba iliyo kwenye uso wa mizani, linganisha na iliyoandikwa na programu na iliyotoka kwenye risiti. Zikitofautiana hata mara moja, programu hiyo isipime kahawa ya mtu.

Nikiwa hapohapo kwenye mizani: programu ikifunguka vizuri lakini isisome uzito, DLL haihusiki tena. Angalia namba ya mlango wa COM ambao Windows imeupa waya wa mizani. Ikiwa ni COM10 au zaidi, msimbo hauwezi kuufungua kwa jina fupi, lazima utangulize alama \\.\ mbele ya jina. Programu nyingi za zamani ziliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuona mlango zaidi ya COM4. Njia rahisi ni kuingia kwenye kidhibiti cha vifaa na kuupa waya namba ndogo.

Sasa niyaeleze yale makosa ya ujenzi, maana uliyapita kwa kuongeza vitu mpaka ikakubali, na ningependa ujue uliongeza nini. Tangu Visual Studio 2017, kisakinishi hakiweki kila kitu. Kinakuuliza unataka kufanya kazi gani, na usipochagua kisanduku kilichoandikwa "Desktop development with C++" unapata kihariri kizuri kisicho na kompaila ya C++. Mradi wenyewe umeandikwa ndani yake ulijengwa kwa seti ipi ya zana: v140 ni ya Visual Studio 2015, v141 ni ya 2017, v142 ni ya 2019, v143 ni ya 2022. MSB8020 haikusema mradi umeoza, ilisema mradi unaomba v140 na wewe una v143.

Ulikuwa na njia mbili. Kisakinishi cha 2022, kwenye ukurasa wa vipengele vya mojamoja, bado kinatoa zana za v140. Faida yake ni kwamba msimbo unakutana na kompaila ileile aliyoitumia mwandishi wake. Uliyoichagua wewe, ya kuuhamishia mradi v143, ndiyo ningeichagua pia kwa programu inayotakiwa kuishi miaka mingine. Kompaila mpya ni kali zaidi na itakataa mistari kadhaa ambayo ya zamani iliivumilia, lakini ukimaliza kuirekebisha huna deni. Kama kuna maktaba ya pembeni uliyoachiwa ikiwa faili la .lib tu bila msimbo, v140 mpaka v143 zinaelewana, alimradi kiunganishi kinachomalizia kazi ni cha seti mpya kuliko zote. Ikiwa ilijengwa kwa 2013 au kabla yake, uelewano huo haupo.

Windows SDK ni kitu kingine, tofauti na kompaila. Ni mkusanyiko wa maelezo ya jinsi ya kuzungumza na Windows: windows.h na ndugu zake. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba tangu Visual Studio 2015, hata stdio.h ilihamia humo. Ndiyo maana mtu mwenye kompaila nzima anaweza kuambiwa kwamba stdio.h haionekani, akasakinisha kompaila mara tatu bila nafuu, wakati kilichokosekana ni SDK. Mradi wako wa 2016 uliomba SDK 8.1, kwa sababu ndiyo iliyokuwa chaguo la kawaida la Visual Studio 2015. Usiitafute. Fungua sifa za mradi, chagua SDK ya Windows 10 au 11 uliyonayo, ujenge upya. Na ukichagua SDK ya Windows 11 hujailazimisha ofisi iwe na Windows 11. Namba ya SDK inasema unaruhusiwa kutumia maelezo mapya kiasi gani. Kama msimbo wako hauiti kazi zilizoanza katika Windows 11, utaendeshwa kwenye Windows 10 bila shida.

Kuhusu lile kosa la kwanza la usakinishaji, nakufundisha kulisoma, litakufaa tena. Namba za Windows zinazoanza na 0x8007 zimebeba kosa la kawaida katika tarakimu nne za mwisho, zikiwa zimeandikwa kwa mfumo wa msingi wa kumi na sita. Kikokotoo cha Windows kina hali ya wanaprogramu inayozigeuza. 0643 ni 1603, yaani usakinishaji umeshindwa kwa sababu fulani, na hilo peke yake halikusaidii. Lakini 0652 ni 1618: kuna usakinishaji mwingine unaendelea, subiri au washa upya. 0070 ni 112: diski imejaa. 0005 ni kunyimwa ruhusa. Ukipata 1603, sababu halisi imo kwenye kumbukumbu za usakinishaji katika folda ya %TEMP%, faili zinazoanza na dd_. Fungua ile ya kipengele kilichoshindwa, tafuta maneno "return value 3", kisha soma mistari iliyo juu yake. Hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Kwa mtu wa bando, ningeshauri mambo mawili. Kisakinishi kina chaguo la kupakua vyote kwanza ndipo kisakinishe. Lichague, ili mtandao ukikatika usikatike katikati ya kusakinisha. Na ukipata mahali penye mtandao mzuri, tengeneza ghala la nje ya mtandao litakalotumika kwenye mashine nyingi, kwa amri hii moja:

vs_community.exe --layout D:\vs2022 --add Microsoft.VisualStudio.Workload.NativeDesktop --includeRecommended --lang en-US

Ukiacha kutaja kazi unayoitaka baada ya --add, itapakua Visual Studio nzima, makumi ya GB. Njia ya folda iwe fupi, chini ya herufi 80. Ikiwa mashine utakayosakinishia haijawahi kuona intaneti, sakinisha kwanza vyeti vilivyo ndani ya ghala, kwenye folda ya certificates, vinginevyo itakataa kuthibitisha saini. Nafasi nayo iangalie mapema: usakinishaji wa kawaida wa Visual Studio 2022 huchukua GB 20 hadi 50, na hata ukichagua diski D, sehemu yake itakwenda C tu.

Mwandishi wa kwanza angekuachia orodha ya zana alizotumia usingepita haya yote. Wewe mwachie atakayekufuata. Kwenye kisakinishi cha Visual Studio kuna chaguo la kutoa usanidi wako, linalotengeneza faili la .vsconfig. Liweke kwenye folda ya mradi, pembeni ya faili la .sln. Siku mtu akiufungua mradi huo kwenye mashine nyingine, Visual Studio italisoma na kumwambia vipengele vinavyokosekana, na kumpa kitufe cha kuviongeza.

Ni wakati gani umwite mtu aje akae mbele ya mashine? Antivirusi ikigundua kitu kwenye zile faili tatu, chomoa kompyuta ya ofisi kwenye mtandao, mtaarifu mwenyekiti na mhasibu siku hiyohiyo, na mtafute fundi anayejua kusafisha mashine yenye data ya fedha. Nywila zilizowahi kuandikwa pale zibadilishwe kutoka kwenye mashine nyingine. Vilevile kama vc_redist nayo inashindwa kwa 1603 mara kwa mara, au Windows inaganda na diski inatoa sauti isiyo ya kawaida: diski inayokufa hujionyesha kwa makosa ya usakinishaji yasiyoeleweka, na kila unapoirudia unaichosha zaidi. Na kama namba za programu hazilingani na za mizani, au unahisi mizani yenyewe imepotoka, usirekebishe kwa kuongeza au kupunguza kwenye msimbo. Mizani ya biashara ina lakiri yake, na kwa Tanzania wenye kazi hiyo ni Wakala wa Vipimo.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, nenda kesho na flashi yenye vitu viwili: vc_redist.x64.exe na folda ya Release. Ukiona dirisha jingine linalotaja DLL, liandike jina zima, herufi kwa herufi, usiipakue popote, unitumie.